Maneno Magumu Hayana Mwenyewe

Ninaandika kutoka Jeffersontown, kitongoji cha Louisville, Kentucky. Wengi wetu tunaoishi huku, pamoja na wenzetu wa Columbus na Buffalo, tuna kitu kimoja kinachofanana mfukoni au mkobani: daftari dogo lenye maneno ya Kiingereza upande mmoja na maana zake upande wa pili. Anayesomea uuguzi analo. Anayesubiri usaili wa uraia analo. Kijana anayejiandaa kuingia chuo kikuu naye analo, ingawa lake siku hizi limo ndani ya simu. Na kila tunapokutana, iwe harusini au msibani, hazikosi kuzuka hoja mbili. Wa kwanza husema kukariri fasili za maneno ni kazi ya kasuku, lugha huokotwa kazini na barazani. Wa pili hujibu kwamba Kiingereza cha kazini kinamtosha mtu kubeba maboksi, bali hakimtoshi kusoma mkataba wa nyumba wala barua ya mwanasheria.

Mimi ni mhandisi, si mwanaisimu, wala sitaki kuwa hakimu wa ugomvi huo kwa nadharia. Nimeona afadhali tuitazame historia, maana daftari la maneno lina historia ndefu katika nchi hii, na sehemu kubwa ya historia hiyo ilipita papa hapa tunapoishi: Kentucky, Ohio, na ukingoni mwa Ziwa Erie kule Buffalo.

Waingereza nao walihitaji kuelezwa

Tuanze na jambo ambalo wengi wetu hatukuambiwa shuleni. Kamusi ya kwanza ya Kiingereza kwa Kiingereza haikutungwa kwa ajili ya wageni. Ilitolewa London mwaka 1604 na mwalimu mmoja, Robert Cawdrey, ikiwa na maneno yapatayo 2,500, na yote yalikuwa maneno magumu, yaani yale yaliyoingia kutoka Kilatini, Kigiriki, Kifaransa na Kiebrania. Cawdrey hakujisumbua kueleza mkate wala maji. Aliwaandikia Waingereza wenyewe, hasa wanawake, ambao wakati ule milango ya vyuo vikuu ilikuwa imefungwa kwao, ili wapate kuelewa maneno waliyoyasikia kanisani na kuyakuta vitabuni.

Sababu ilianza zamani zaidi. Mwaka 1066 Wanormani walivuka bahari kutoka Ufaransa wakaiteka Uingereza. Kwa karne kadhaa Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa na mahakama, na Kilatini lugha ya kanisa na elimu. Kiingereza cha mkulima kikabaki ghorofa ya chini, na juu yake ikajengwa ghorofa ya wasomi. Ndiyo maana hadi leo ng'ombe akiwa zizini huitwa "cow", na akifika mezani huitwa "beef": aliyemchunga alikuwa Mwingereza, na aliyemla alisema Kifaransa.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayeona haya kufungua kamusi mbele ya mwenyeji, ujue kwamba neno gumu la Kiingereza lilikuwa geni hata kwa mwenye lugha. Mwenyeji naye alielezwa. Tofauti yetu na yake ni kwamba yeye alielezwa mapema zaidi.

Huku Marekani mambo yalikuwa yale yale. Mji wetu wa Jeffersontown ulianzishwa mwaka 1797 na jina lake latokana na Thomas Jefferson. Katika kitabu chake juu ya jimbo la Virginia, kilichotoka miaka ya 1780, Jefferson alitumia kitenzi "belittle", maana yake kudunisha, alipokuwa akimpinga mtaalamu wa Kifaransa Buffon aliyedai kwamba wanyama wa Amerika ni wadogo kuliko wa Ulaya. Wahakiki wa London walimcheka sana kwa neno lile. Waliona kwamba huyu mtu wa makoloni anaharibu lugha ya watu. Leo neno hilo limo katika kila kamusi na hakuna anayelicheka. Wakati huo huo Noah Webster alitoa kitabu cha kufundishia tahajia mwaka 1783, na mwaka 1828 akatoa kamusi ya maneno 70,000. Kwa vitabu hivyo Wamarekani walijitwalia lugha ya Waingereza ikawa yao.

Lakini walioandikiwa vitabu hivyo hawakuwa watu wote. Jefferson aliyeandika juu ya uhuru alimiliki mamia ya watumwa, na katika majimbo mengi ya Kusini ilifika wakati sheria ikakataza mtumwa kufundishwa kusoma.

Pipi za William Wells Brown

Hapa ndipo anapoingia mtu ambaye ningependa kila Mswahili wa majimbo haya matatu amjue. William Wells Brown alizaliwa mtumwa hapa Kentucky yapata mwaka 1814. Utotoni alihamishiwa Missouri, akakodishwa huku na huko, pamoja na kufanya kazi katika meli za mvuke mtoni na katika kiwanda cha uchapaji cha Elijah Lovejoy mjini St. Louis. Tarehe 1 Januari 1834, meli ilipotia nanga Cincinnati, Ohio, alishuka na mzigo kama mtu anayeupeleka mjini, akatokomea. Baridi nusura imuue njiani. Mzee mmoja wa madhehebu ya Quaker aliyeitwa Wells Brown alimpokea nyumbani kwake, na kijana yule akachukua jina la mwenyeji wake likawa lake.

Alipofika Cleveland akapata kibarua, hakuwa anajua kusoma. Kwa fedha zake chache alinunua vitu viwili: kitabu cha tahajia na pipi. Mtu angedhani kitabu ni cha akili na pipi ni za tumbo. La. Zote zilikuwa za akili, kwa sababu pipi aliwapa watoto wa nyumba aliyokuwa akifanya kazi, wamlipe kwa kumfundisha herufi. Mtu mzima wa miaka ishirini akawa mwanafunzi wa watoto wanaolamba pipi, na hakuona haya.

Mwaka 1836 akahamia Buffalo. Alifanya kazi katika meli za Ziwa Erie, na akazitumia meli hizo kuwavusha watumwa waliotoroka kwenda Kanada. Katika miezi ya mwaka 1842, kuanzia Mei hadi Desemba, aliwavusha watu 69 kwa hesabu yake mwenyewe. Akaanza kuhutubu mikutanoni dhidi ya utumwa. Mwaka 1847 alitoa kitabu cha maisha yake, na mwaka 1853 akatoa London riwaya inayohesabiwa kuwa ya kwanza kuandikwa na Mmarekani mweusi. Jina lake ni Clotel, na masimulizi yake yanahusu mabinti ambao Thomas Jefferson aliwazaa na mtumwa wake. Yaani mtu aliyenyimwa herufi na Kentucky aliziokota Ohio, akazitia makali Buffalo, kisha akazitumia kumwuliza maswali yule yule ambaye mji wetu umepewa jina lake.

Sasa tazameni, Brown hakujifunza maneno ili asifiwe kwamba ana Kiingereza kizuri. Alikuwa na jambo la kusema, na watu wa kuwaambia, na maneno yakamfuata haja yake.

Ua la Louisville

Miaka mingi baadaye twarudi Kentucky. Yale mashindano makubwa ya kitaifa ya kuendeleza maneno, ambayo siku hizi huonyeshwa kwenye televisheni na watoto hushindana hadi usiku, asili yake ni hapa Louisville. Yalianzishwa mwaka 1925 na gazeti la mji wetu, The Courier-Journal, likishirikiana na magazeti mengine. Watoto tisa walikutana Washington kwa fainali, na aliyeshinda alikuwa mtoto wa hapa hapa Louisville, Frank Neuhauser, mwenye umri wa miaka 11. Neno lililompa ushindi lilikuwa "gladiolus".

Hilo ni jina la ua. Asili yake ni Kilatini, na maana yake ni upanga mdogo, kwa jinsi majani yake yalivyochongoka. Nyingi za aina za ua hilo asili yake ni Afrika, na huota hata katika nyanda zetu za juu za Afrika Mashariki. Lakini kinachonivutia zaidi ni kwamba Frank alikuwa amelikuza ua hilo mwenyewe. Neno lililowashinda wenzake kwake halikuwa herufi tisa za kukariri. Lilikuwa kitu alichokimwagilia maji. Baadaye alisoma uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha Louisville, kisha sheria, akawa wakili wa hataza. Aliishi hadi mwaka 2011.

Mwaka ule ule wa 1925, mkutano wa elimu ulifanyika Dar es Salaam kujadili lugha ya shule za Tanganyika, na humo ndimo ilimoanza safari ya Kiswahili sanifu. Kamati ya lugha ya makoloni ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930. Hapa Louisville walikuwa wakishindana jinsi neno linavyoandikwa; kule kwetu walikuwa wakibishana neno la nani ndilo litakaloandikwa, la Mombasa au la Unguja.

Msichana wa Akron

Kama hadithi ingeishia kwa Frank, tungesema: jifunze maneno, milango itafunguka. Lakini historia haikuandikwa ili kutupendeza.

Mwaka 1936 mshindi wa mji wa Akron, Ohio, ambao ni mwendo wa saa mbili hivi kwa gari kutoka Columbus, alikuwa msichana mweusi wa miaka 13, MacNolia Cox. Yeye na Elizabeth Kenney wa New Jersey walikuwa watoto weusi wa kwanza kufika fainali za taifa. Treni ilipofika mpaka wa Maryland, MacNolia na mama yake walilazimika kuhamia behewa la watu weusi. Washington hakulala hotelini na washindani wenzake, na kwenye karamu walitengewa meza yao. Hata hivyo alisimama jukwaani akaendeleza neno baada ya neno hadi wakabaki watoto watano. Ndipo akapewa "nemesis". Walimsimamia wakapinga kwamba hilo ni jina la mungu wa kike wa Wagiriki, na majina ya pekee hayakuwa yamekubaliwa katika mashindano. Waamuzi walikataa pingamizi hilo. Akashika nafasi ya tano.

Frank akawa mhandisi na wakili. MacNolia hakufika chuo kikuu. Alifanya kazi za ndani katika nyumba ya daktari mjini Akron, akafariki mwaka 1976. Mashindano yao yalikuwa yale yale, na kati yao ilipita miaka 11 tu. Ilipofika mwaka 1998 ndipo mtoto mweusi wa kwanza alipotwaa ubingwa, Jody-Anne Maxwell kutoka Jamaika, na Mmarekani mweusi wa kwanza alikuwa Zaila Avant-garde wa Louisiana, mwaka 2021.

Nayasema haya kwa sababu katika jumuiya zetu kuna watu wenye shahada mbili wanaoendesha mashine za kunyanyulia mizigo katika maghala, na huambiwa kwamba tatizo lao ni Kiingereza tu. Mara nyingine ni kweli. Mara nyingine Kiingereza ni kisingizio. Mzazi anayempa mtoto wake orodha ya maneno elfu moja amwambie na hilo pia, ili siku mlango utakapogoma kufunguka mtoto asidhani kwamba ni yeye asiyejua.

Mhanga gerezani

Na bado sisemi tuache daftari. Mfano unaojulikana kuliko yote ni wa Malcolm X. Mwishoni mwa miaka ya 1940 alikuwa mfungwa katika gereza la Norfolk, Massachusetts. Alitaka kumwandikia barua Elijah Muhammad, na kila alipoandika aliona maneno ya mtaani hayabebi mawazo yake. Akaomba kamusi, karatasi na penseli. Ukurasa wa kwanza aliunakili wote kwa mkono, hata nukta na mkato. Kazi hiyo ilimchukua siku nzima. Kisha akajisomea kwa sauti. Asubuhi iliyofuata akaamka na maneno yale kichwani.

Katika tawasifu yake, iliyotoka mwaka 1965, anataja neno lililomkaa tangu ukurasa ule wa kwanza: "aardvark". Sisi mnyama huyo tunamjua. Ni mhanga, yule mwenye masikio marefu anayechimba mashimo usiku akila mchwa. Jina la Kiingereza latokana na lugha ya Makaburu, na maana yake ni nguruwe wa ardhini. Basi mfungwa wa Massachusetts aliingia katika bahari ya Kiingereza akiongozwa na mnyama wa kwetu. Oktoba 1964 alifika Dar es Salaam, akakutana na Mwalimu Nyerere, ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa ametoa tafsiri yake ya Kiswahili ya Julius Caesar, naye akihangaika na maneno magumu ya Shakespeare kwa upande wa pili wa daftari.

Ukiwaweka pamoja Brown, Frank na Malcolm, utaona jambo moja. Hakuna aliyeiacha fasili ikae peke yake. Mmoja alikuwa na watu wa kuwavusha, mwingine alikuwa na bustani, wa tatu alikuwa na barua ya kuandika. Hata waandaaji wa mashindano yale ya Louisville hatimaye walikiri kwamba kuendeleza neno si kulijua: mwaka 2013 waliongeza maswali ya maana za maneno, na mwaka 2021 wakayaleta hadi jukwaani. Nao wa mtihani wa SAT, mwaka 2016, waliyaacha yale maneno adimu yaliyokuwa yakikaririwa kwa orodha, wakapima neno ndani ya maandishi.

Sisi tunazo ghorofa mbili

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hasa ndilo lililonifanya nishike kalamu. Tunapojifunza Kiingereza cha juu twadhani kwamba tunaanza mikono mitupu. Si kweli. Mswahili ana akiba ambayo Wamarekani wengi hawana.

Neno lenyewe kamusi lina habari. Latokana na Kiarabu, na hapo mwanzo maana yake ilikuwa bahari kuu. Mwanachuoni al-Firuzabadi, aliyefariki Yemen mwanzoni mwa karne ya 15, aliipa kamusi yake jina la bahari inayozunguka, ikapendwa mno hata jina likawa la kila kitabu cha aina hiyo. Na Waswahili ni watu wa pwani. Wahenga waliposema elimu ni bahari, hawakujua labda kwamba kamusi nayo ni bahari kwa jina.

Kamusi zetu wenyewe nazo zilianzia kwenye kuuliza. Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, akamzika mke na mtoto wake mwaka ule ule, na akaendelea kuandika maneno. Kamusi yake ilitoka London mwaka 1882, yeye ameshafariki. Kila mstari wa kitabu kile ulianza kwa mtu wa pwani aliyeulizwa "hiki ni nini?" akaeleza. Jina lililo kwenye jalada ni la aliyeuliza. Madan akafuata kwa kamusi ya Kiingereza na Kiswahili mwaka 1894, Johnson mwaka 1939, na mwaka 1981 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ikatoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Mwaka 1996 taasisi hiyo hiyo ikatoa kamusi ya Kiingereza na Kiswahili, ambayo wengi wetu tulisafiri nayo begani hadi huku.

Kiswahili, kama Kiingereza, kina ghorofa mbili. Ya chini ni ya Kibantu: andika, uliza, maji, mtu. Ya juu ina Kiarabu kingi. Chukua kuandika. Mkulima anaandika, lakini ukipanda juu unakuta kitabu, katibu, maktaba na katiba, yote ya mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kuandika. Sasa vuka upande wa pili. Mwingereza wa chini anasema "write". Ukipanda juu unakuta "describe", "manuscript", "inscription" na "prescription", yote ya mzizi mmoja wa Kilatini wenye maana ile ile. Aliyekwisha kuona kwamba katibu na maktaba ni ndugu hahitaji kufundishwa upya jinsi maneno yanavyozaana. Anahitaji kuambiwa tu kwamba mchezo ni ule ule.

Tena katika sayansi tuna hazina ya ajabu. Sisi tuliosoma shule za msingi Tanzania kwa Kiswahili, kisha tukaingia kidato cha kwanza na kukuta kila kitu kimegeuka Kiingereza, tuliona kama mtu amezima taa. Ukweli ni kwamba taa tulikuwa nayo mkononi. Katika kazi yangu ya uhandisi sipitishi siku bila neno "pressure". Neno hilo halikuambii lolote juu ya jinsi ya kulipima. Kiswahili chasema kanieneo: kani juu ya eneo. Fasili nzima ya fizikia imo ndani ya neno, hata kanuni yake: gawanya kani kwa eneo. "Photosynthesis" kwa mtoto wa Kimarekani ni mdudu wa herufi nyingi. Kwetu ni usanisinuru, usanisi kwa nuru, na ukilipasua neno la Kiingereza unakuta nuru na usanisi mle mle kwa Kigiriki. "Diameter" ni kipenyo, kinachopenya duara kati kwa kati. "Triangle" ni pembetatu. Waliotunga istilahi hizo walikwisha kutufanyia nusu ya kazi ya nyumbani, na sisi tunaiacha sandukuni pamoja na vitenge.

Neno moja, nchi mbili

Kama bado kuna anayeona haya ni mambo ya wasomi, na atazame usaili wa uraia. Fomu ya N-400 humwuliza mwombaji kama yuko tayari "bear arms" sheria ikimtaka. Mwenye Kiingereza cha sokoni atasikia dubu na mikono. Ofisa anaweza kukuuliza "allegiance" maana yake nini, na jibu la "ndiyo" halitoshi. Wazee waliotimiza miaka 50 wakiwa na ukaazi wa kudumu wa miaka 20, au miaka 55 na ukaazi wa miaka 15, wanaruhusiwa kusailiwa kwa lugha yao. Wengine, kwa kawaida, hujibu kwa Kiingereza.

Kisha kuna kiapo. Humo mna "renounce", kukana, "abjure", kukana kwa kiapo, "potentate", mtawala mwenye enzi, "fidelity", uaminifu. Hayo ni maneno ya Kilatini, ghorofa ya juu kabisa, na mtu anayatamka mkono umeinuliwa. Kwa Mkenya, ambaye Katiba ya mwaka 2010 inamruhusu uraia pacha, "renounce" ni neno la sherehe. Kwa Mtanzania, ambaye sheria ya kwao haimruhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili, neno hilo hilo ni pasipoti ya kurudisha na haki za kupoteza. Nimewaona watu wazima wakilikariri kama wimbo bila kujua uzito wake, na wengine wakitokwa na machozi kwa sababu walilijua. Mtu asiape kwa neno ambalo hajalielewa kwa lugha ya mama yake. Hilo, ndugu zangu, ndilo jibu langu kwa anayeuliza kama kujifunza fasili kuna faida.

Basi tufanyeje?

Daftari la safu mbili tuliongezee. Safu ya kwanza neno la Kiingereza. Ya pili maana yake kwa Kiswahili, si kwa Kiingereza kingine cha kuazima. Ya tatu ndugu zake, yaani maneno mengine ya mzizi ule ule. Ya nne sentensi yako mwenyewe, juu ya jambo linalokuhusu: kodi ya nyumba, sukari ya mama, bosi wako ghalani. Maneno matano kwa siku yanatosha. Haba na haba hujaza kibaba. Na jioni mwulize mtoto wako, maana yeye anajua jinsi linavyotamkwa shuleni, nawe unajua kwa Kiswahili ni nini. Brown alilipa pipi apate mwalimu mtoto. Wewe unaye nyumbani, na malipo yake ni kwamba atapata Kiswahili bila kujua kwamba anafundishwa.

Hilo la mwisho lina uzito kuliko yote. Watoto wetu wa Louisville, Columbus na Buffalo watakijua Kiingereza, tupende tusipende. Swali ni kama watakapokuwa wakisoma "pressure" watakuwa na kanieneo kichwani, au watakuwa na ghorofa moja tu kama jirani zao. Mwacha asili ni mtumwa, na wahenga hawakusema mtumwa wa nani.